Ghorofa ya Bwana Timazi

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na mliosimama juani, poleni na asanteni kwa kuja, familia imemtuma kitindamimba wa nyumba hii awasomee maisha ya kaka yake, na sauti ikikwama mtamvumilia, maana leo hakuna aliye mzima hapa.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mshona viatu na mama wa nyumbani. Alianza chuo cha Kurani mwaka 1963, akaingia shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, hesabu alizipenda, sauti ya kusoma hakujaliwa, na maalimu wake alizoea kusema kwamba mtoto huyu Mungu amempa macho akamnyima koo.

Mwaka 1974 mjomba wake, aliyekuwa mwashi, alimchukua kazini akamfundisha kupanga matofali na kutumia timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, naye akaipenda hadi akawa anatembea nayo mfukoni, akikaribishwa chai anaitoa na kupima kuta za wenyewe, na jina la Bwana Timazi likamganda. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, na siku hiyohiyo, jamani, kabla hajanyanyua kikombe, alimwambia baba mkwe kwamba ukuta wa sebule umeinama vidole viwili, watu wakashika vichwa wakidhani ndoa imeingia mdudu, kumbe mzee alicheka na kumwambia aje Jumatatu aunyooshe. Walijaaliwa watoto wanne, binti muuguzi mwaka 1985, kijana dereva mwaka 1988, na mapacha wa kike, walimu wote wawili, mwaka 1993.

Sasa tusimpambe marehemu tukamfanya malaika, kaka alipenda dunia, alipenda shati lililopigwa pasi na kiatu kinachong'aa, na zaidi ya vyote alitaka nyumba ya ghorofa. Kila baada ya sala aliomba mema ya dunia na ya akhera, ya akhera akiyataja kwa ufupi kwamba Mola anayajua zaidi, ya dunia akiyaeleza kwa kirefu, vyumba vitatu juu, ngazi upande wa kulia, roshani inayotazama barabara, ili malaika wasije wakasema hawakuelewa. Waliomcheka aliwajibu kwamba kutamani si dhambi, dhambi ni kukipata kitu kwa kumdhulumu mtu. Sakafu ya chini aliimaliza mwaka 2006 wakahamia, kisha kwa miaka minne akakusanya uani nondo na saruji za kupandisha juu, shemeji akashona kabisa mapazia ya madirisha ambayo hayajakuwapo.

Januari 2010 alikuwa fundi mkuu wa shule ya ghorofa moja iliyojengwa na wazazi, zege la sakafu ya juu likamwagwa Jumamosi, na zege, kwa wasiojua, hunyweshwa maji kila siku kwa wiki nzima, lakini lile lilikaa siku tatu za jua kali bila tone, likapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mkaguzi alipita asizione, lipu ingezifunika, kaka akapiga magoti, akagonga kwa nyundo huku ametega sikio, akasimama na kuiambia kamati kwamba kosa ni lake na zege livunjwe, kwa sababu chini yake watakaa watoto. Saruji na nondo za kumwaga upya alizitoa uani kwake, zote. Mjini wakasema mzee amechoka, shemeji akanuna akisema mume gani anaharibu kazi ya watu kisha analipa kwa nyumba ya mkewe, na maneno hayo ameyasikia hadi mwaka huu bila kujibu, wala hakuacha kuiomba ghorofa yake.

Oktoba 2021 alianza kukohoa, mapafu yakaonekana yameshikwa na vumbi la saruji, daktari akamkataza kupanda ngazi, naye akacheka hadi kikohozi kikamshika, akasema Mola ni fundi, hamjengei mtu asichoweza kukipanda. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mikononi mwa binti yake, akiwa na miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na turubai tangu asubuhi, na mafundi wenzake mliochimba kaburi kwa mikono yenu.

Limebaki moja ambalo halimo katika karatasi hii. Aliyeachiwa kulinywesha maji zege la shule ni mimi. Nilikwenda kuangalia mpira mji wa pili nikakaa siku tatu, na wiki ileile nilikuwa napewa kikosi changu cha kwanza cha mafundi, ingejulikana ningekuwa nimekwisha. Nilimwendea nikilia, nikamwambia nitasema, akanikataza, akasema ukisema utaniharibia thawabu zangu, nami nikaona raha kunyamaza, miaka kumi na minne, nikila kwenye meza yake huku nasikia anavyolaumiwa. Leo hayupo wa kunikataza. Shemeji, uliyemnunia hakukosa, mnunie aliyesimama hapa, ila yeye mpe radhi yako kabla hatujamnyanyua.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tunarejea, nenda kwa amani, kaka.