Bi Misumari Anaondoka na Picha Hazijasema Juu ni Wapi

Bi Misumari, mtundika picha wa ukumbi wetu wa sanaa, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Haya, si kweli. Nilimshikia ngazi tu, na mara nyingi aliniambia nimeishika vibaya.

Kwanza sielewi anastaafuje yeye, wakati mimi bawabu nimemzidi miaka sita. Wanasema kwenye faili langu mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa. Aliyekadiria, Mungu amzidishie.

Jina lake alilipata kwa kubana misumari mdomoni akiwa juu ya ngazi, na huku anatoa amri. "Mmh-mmh" maana yake sogeza kushoto. "Mmh" maana yake acha hapo hapo, mzee, usipumue. Miaka yote hiyo hakuna picha yake iliyokaa mshazari.

Kosa alifanya moja tu, nalo lilituletea watu kuliko msimu wowote. Mwaka ule walikuja wasanii sita kukaa nasi miezi mitatu wakichora. (Nilipoambiwa wasanii wanahamia humu nilitia droo yangu kufuli, mtaani kwetu msanii ni tapeli.) Walipomaliza, orodha ikaletwa, na picha kumi na nne zimeandikwa "Bila Jina". Bi Misumari akaona huyu Bila Jina kawaacha wenzake mbali kwa bidii, akampa chumba kikubwa peke yake, na jina lake juu ya mlango.

Watu wakafurika. Mwalimu aliyealikwa kutoa mhadhara alieleza saa nzima jinsi mkono wa Bila Jina ulivyokomaa. Wanamuziki wa tamasha wakampigia wimbo. Mama mmoja akaniuliza mlangoni kama ana mke. Nikamwambia, "Katoka kidogo, mama, msubiri." Nilikuwa sijui. Hata leo sina hakika, maana barua zake bado zinaletwa.

Wasanii wenyewe walinyamaza wiki mbili. Picha zao hazijawahi kutazamwa namna ile. Kisha mmoja uvumilivu ukamwishia: "Bila Jina ni mimi." Mwenzake akadakia, "Na mimi je?" Mkurugenzi akaja juu: "Nani kafanya hivi?" Bi Misumari alikuwa na misumari mdomoni. Nikasema ni mimi. Wote wakaamini papo hapo, jambo lililoniuma kidogo.

Sasa nyundo nimekabidhiwa mimi. Jumamosi msimu mpya unafunguliwa: maonyesho asubuhi, mhadhara mchana, tamasha jioni. Picha kumi na moja ziko sakafuni, rangi tupu, hazina mtu wala mti. Nilimuuliza Bi Misumari juu ni wapi, akasema, "Itazame, mzee, itakuambia yenyewe." Nimezigeuza pande zote nne, kimya. Nikizitundika miguu juu, waliozichora wataaibika mbele ya mama zao, maana wamewaalika.

Dada, asante kwa kuta zote ulizozipendezesha. Sisi wote hapa tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasiochora ukutani. Ila ile siku niliyosema ni mimi, hujanilipa wema wangu. Ijumaa kabla hujaaga, pita chumba kikubwa, unichoree mshale mdogo wa penseli nyuma ya kila picha. Sitamwambia mtu.