Mwalimu Ejembi Ogaba Odumu, Gavana wa Saba

Familia ya Odumu inaomba radhi. Programu hizi mlizoshika zilitakiwa ziwe tayari tangu Jumatano, na mchapaji wetu kule Ojira amepigiwa simu mpaka amechoka kuzipokea. Kilichotuchelewesha ni neno moja tu lililoko kwenye jalada, chini ya picha. Wasifu huu utaeleza tulivyolipata neno hilo. Unasomwa na mdogo wake Marehemu, Ochanya, kwa sababu mjane amesema hana sauti ya kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 hapa Ai-Odaba, akiwa mtoto wa pili wa Ogaba Odumu, mkulima wa viazi vikuu, na mkewe Ladi. Alizaliwa mkubwa wa mwili na mgumu wa shingo. Mama yetu alisema mtoto huyu alikataa titi la kushoto tangu siku ya kwanza mpaka alipoachishwa kunyonya, na hakuna aliyejua kwa nini, wala yeye hakueleza. Tulilicheka jambo hilo miaka yote, na leo hatucheki sana.

Alisoma shule ya misheni hapa kijijini kuanzia mwaka 1954, kisha chuo cha ualimu alichomaliza mwaka 1968, vita vikiwa vimepamba moto upande wa kusini kwetu. Alianza kufundisha historia na uraia, na alifundisha kwa miaka thelathini, kumi na minane kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya Ojira. Hakuwa mtu wa fimbo. Mwanafunzi aliyekosea alipewa panga akafyeke nyasi uwanjani, na huku akifyeka ilimpasa aimbe magavana wa Jimbo la Ikpamu kwa zamu zao, tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1991. Wa kwanza Kanali Dangana. Wa pili Ukpoju, raia, aliyechaguliwa kwa kura. Wa tatu Kanali Bulama, aliyemng'oa Ukpoju. Wa nne Komodoro Briggs wa jeshi la wanamaji, ambaye hakuna aliyejua anatafuta nini mahali pasipo na bahari. Wa tano Kanali Tanimu. Wimbo ulikuwa unarefuka kila wanajeshi walipobadilishana viti, na wavivu walilalamika kwamba mapinduzi yanawaongezea kazi.

Wengi wenu mnakikumbuka kisa cha mtihani wa Novemba 1993. Mkondo mmoja ulifanya karatasi ya uraia asubuhi, mwingine mchana, na swali la kwanza lilikuwa: Nani gavana wa jimbo letu? Asubuhi watoto wakaandika Ukpoju. Saa ya chakula redio ikatangaza kwamba wanajeshi wameshika nchi, na Ukpoju ameondolewa. Mchana mkondo wa pili ukaandika "hakuna", na wengine "mwanajeshi". Walimu wakamwendea ofisini wakitaka karatasi za asubuhi zifutwe. Marehemu alizisahihisha mwenyewe, akawapa alama wa asubuhi na wa mchana. Mwalimu mmoja alipobisha, alimjibu, "Aliyeandika asubuhi aliandika kweli. Kilichotokea mchana hakiwezi kurudi asubuhi kumfanya mtoto mwongo." Tafadhali kishikeni kisa hicho, tutakirudia.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Ajuma Ikwulono, mkunga, mwanamke wa maneno machache. Nyumba yao haikuwa ya kelele. Marehemu alipenda viazi vya kutwanga na mchuzi wa kuteleza wa okoho wenye nyama ya porini, na alikuwa akitwanga mwenyewe Jumapili, mwalimu mkuu mzima na mchi mkononi, wapita njia wakimcheka. "Wacha wacheke," Ajuma alikuwa akisema. "Wao wanatwangiwa na nani?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Ihotu na Otokpa.

Mwaka 1999, jeshi lilipoachia madaraka, Agada Ikwue aligombea ugavana, akatafuta naibu asiye na doa wala tamaa. Akampata Marehemu. Walishinda, na wakashinda tena mwaka 2003. Oktoba 2005 Bunge la Jimbo likagombana na Ikwue na kumng'oa kwa kura, na kwa mujibu wa katiba naibu wake akaapishwa kuwa gavana. Hakuutafuta ugavana. Lakini alipoupata aliufanyia kazi. Aliajiri walimu waliokuwa wakizurura na vyeti vyao, akayarudisha mashamba mawili yaliyonyang'anywa wenyewe, na Krismasi ile alikwenda kula na wafungwa badala ya kula na mawaziri wake.

Septemba 2006 mahakama ilisema Bunge lilikosea utaratibu, na kwa hiyo Ikwue hakuwahi kuacha kuwa gavana hata siku moja. Sikilizeni maneno hayo vizuri. Hawakusema Ejembi ameondolewa. Walisema hakuwahi kuwepo. Picha yake ilishushwa ukutani Ikulu siku hiyohiyo, na aliyekuja kuchaguliwa mwaka 2007 akaitwa gavana wa saba. Marehemu alirudi Ai-Odaba na masanduku yake, akiwa amefundisha wimbo wa magavana tangu jimbo lilipoundwa, na sasa wimbo wenyewe umemruka.

Lakini hukumu ilinyamaza kuhusu yale aliyoyatia saini. Basi Mwanasheria Mkuu wa Jimbo akaja hapa kijijini, akaketi sebuleni, akamwambia: kiri kwa mkono wako kwamba muda wote ule ulikuwa Naibu tu, nasi tutakupa kiinua mgongo chako, pensheni, gari na dereva. Serikali ilitaka ungamo hilo ili iyafute yote kwa mkupuo mmoja bila kurudi mahakamani. Marehemu aliuliza swali moja tu, na Ajuma, aliyekuwa akileta maji ya kunywa, alilisikia bila kulitilia maanani.

"Na wale niliowasamehe kule gerezani?"

"Hao watarudi walikotoka, Mwalimu, mpaka Gavana mwenyewe aamue."

"Basi siandiki," alisema. "Nilikuwa Gavana."

Ajuma alidhani ni kiburi. Sote tulidhani ni kiburi. Mjini walimbandika jina, Gavana wa Ndoto. Vijana sokoni walikuwa wakimpigia saluti, "Mheshimiwa, jimbo linaendeleaje leo?" Naye aliitikia saluti, akanunua chumvi yake, akaenda zake. Mtu akimtambulisha kama Naibu Gavana mstaafu alimkatiza, hata kanisani, hata harusini. Aliwaaibisha wanawe. Otokpa aliwahi kumwambia, "Baba, cheo kimeshakwenda, kiache." Alimjibu, "Hujui unachoniomba, mwanangu."

Figo zake zilianza kumsumbua mwaka 2020. Kufikia mwaka uliofuata ilimlazimu asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa juma, na familia iliuza shamba la bondeni, kisha nyumba ya Ojira. Serikali ya wakati huo, ambayo haikuwa tena ya Ikwue, ilituma watu na kikapu cha machungwa. Wangemtibu nje ya nchi kwa gharama za jimbo, kama Naibu Gavana mstaafu. Ilibaki aweke saini. Ajuma alipiga magoti kando ya kitanda, na hilo ameruhusu lisemwe leo.

"Baba Ihotu, ni neno tu. Liandike upone."

"Waambie ahsante kwa machungwa," alisema Marehemu, akageukia ukutani.

Kwa miezi mitatu Ajuma alimpikia, akamwogesha, na hakumsemesha. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Walikuwa wamepatana, lakini swali alilokuwa akimuuliza halikuwa limejibiwa.

Jumatatu iliyopita alikuja Mkurugenzi wa Itifaki wa Jimbo, Bwana Inalegwu Ameh. Serikali ingetoa bendera ya kufunika jeneza, bendi ya polisi, na gari la kubeba mwili, mradi programu iseme "aliyekuwa Naibu Gavana". Tuseme kweli, tulikuwa tunakubali. Mzee ameshakufa, tulisema, kiburi chake kimekufa naye, na apate angalau tarumbeta. Ajuma alisema tufanye tunavyotaka. Mchapaji akapewa neno hilo.

Jumatano asubuhi, wanawake wakiwa uani wanamenya viazi vya matanga, aliingia mama mmoja mgeni na kifurushi kichwani. Aliuliza mjane ni nani, akapiga magoti mbele yake.

"Jina langu Onyeche," alisema. "Nimesikia redioni wanamwita Naibu. Nimesafiri tangu jana. Nawaomba msimwite hivyo."

"Wewe inakuhusu nini?" aliuliza Ajuma.

Akatueleza. Alikuwa mke wa mtu aliyempiga kwa miaka kumi na moja, mpaka siku alipomgeukia na mchi aliokuwa akitwangia. Mtu huyo alikufa, naye akahukumiwa kunyongwa. Krismasi ya 2005 gavana alikuja gerezani, akamuuliza anataka nini, naye akamjibu anataka kujua mtoto wake anasoma wapi. Januari alisamehewa, akatoka. Septemba ile mahakama ilipotoa hukumu, Marehemu alimfuata mpaka mji alikojificha, ambao hatutautaja. Siku hiyo alimwambia mkewe anakwenda kwa wakili.

"Aliniambia, wakikuuliza nani alikutoa, sema Gavana. Usiseme Naibu, Naibu hana uwezo wa kumtoa mtu. Nami nitasema hivyohivyo mpaka nife. Akanikataza nisimwambie mtu yeyote. Alisema wale watu wanataka kufuta mambo ya walimu na mashamba, jina langu hawalikumbuki, na yeye hatawatajia."

Hapo ndipo tulipoelewa alichokuwa amekinyamazia. Angejitetea kwa kulitaja jina la Onyeche, angekuwa amewaonyesha pa kumpata. Akaona heri achekwe.

"Ulijua alikuwa mgonjwa?" Ajuma aliuliza.

"Sikujua, Mama. Wallahi kama ningejua ningerudi gerezani mwenyewe."

Ajuma alimtazama sana. "Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Ni wewe uliyekula dawa za mume wangu."

Yule mama alilia, uso chini. Nasi tuliokuwepo hatukujua tumshike nani, maana lile neno lilikuwa katili na lilikuwa kweli. Mwisho Ajuma aliokota kisu chake, akaendelea kumenya kiazi alichokuwa amekishika, na alipokimaliza akasema bila kuinua macho, "Umekula tangu jana?"

"Bado, Mama."

"Mpeni chakula. Na mpigieni mchapaji."

Bwana Ameh alifika adhuhuri kuchukua nakala yake. Ochanya, ambaye ndiye msomaji wenu, alimpokea mlangoni.

"Inalegwu, mwanangu, wewe si ulisoma kwa kaka yangu?"

"Nilisoma kwake, Shangazi. Nimefyeka sana ule uwanja."

"Basi niimbie."

Mkurugenzi alicheka, akatazama nyuma kama dereva wake anasikia, kisha akaimba kwa sauti ya chini. Dangana, Ukpoju, Bulama, Briggs, Tanimu. Wa sita Ikwue. Hapo akanyamaza.

"Na ule mtihani wa Novemba, ulikuwa mkondo wa asubuhi au wa mchana?"

"Asubuhi."

"Uliandika nini?"

"Ukpoju."

"Ulipata?"

"Nilipata, Shangazi. Lakini mnajua nitakachoambiwa nikirudi ofisini."

"Tunajua. Chukua bendera yenu."

Ndiyo maana leo hamwoni bendi. Jeneza limefunikwa kwa kitambaa chetu cha jadi, chekundu na cheusi, na limebebwa na wanafunzi wake wa zamani mabegani kutoka barabarani. Onyeche tulimuuliza kama anaogopa jina lake kuandikwa. Alisema anaogopa sana, na liandikwe. Wakili wa familia anatuambia kwamba baada ya miaka yote hii hakuna atakayethubutu kumgusa. Hatuna hakika. Kwa hiyo tunawaomba nyote mliopo, mkiulizwa kesho nani alimtoa mama huyu, mlijue jibu.

Ajuma anataka ijulikane kwamba bado amekasirika. Anasema angeambiwa angeweza kuitunza siri, maana siri za uzazi za nusu ya wilaya hii anazo yeye. Anasema alimnyima mumewe maneno kwa miezi mitatu akidhani anashindana na kiburi, na miezi hiyo hakuna atakayemrudishia. Ana haki ya kukasirika, na hatumwombi aache.

Marehemu ameacha mjane, Ajuma, watoto, Ihotu na Otokpa, wajukuu watano, mdogo wake, Ochanya, na Onyeche, aliyeketi safu ya mbele mkono wa kushoto wa mjane, kwa sababu mjane mwenyewe alisogea akampisha.

Ejembi Ogaba Odumu, mwalimu. Gavana wa saba wa Jimbo la Ikpamu, Oktoba 2005 hadi Septemba 2006. Mheshimiwa, sasa pumzika kwa amani, neno hilo tutalisema sisi.