Vipande Kumi na Tisa Visivyo na Mwisho

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa posta na fundi cherehani. Wengi wenu mlimwita Vidole. Dada yake, anayewasomea wasifu huu, alimtangulia kwa miaka sita na ndiye aliyemfundisha piano, kama kufundisha ni kusema na mtu asiyesikia.

Alianza shule mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne 1996, na mwaka 1999 akahitimu ufundi umeme chuoni. Utotoni gemu ya video ilikuwa sebuleni kwa jirani. Zamu yake ikifika, alimsimamisha askari wake kando ya ukuta asifanye lolote, ili asikilize wimbo. "Cheza basi, au tupishe!" wenzake walimfokea. Akirudi nyumbani aliupiga wimbo wote kwenye piano, kwa mikono miwili.

Mwaka 2000 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Jioni alikaa kwenye piano akiwa bado na grisi kwenye kucha, akizipanga upya nyimbo za gemu ili zipigwe na mtu mmoja. Vilitoka vipande kumi na tisa. Ni vizuri, na dada yake, mwalimu wa piano, hasemi hivyo ovyo. Lakini hakuna hata kimoja chenye mwisho.

"Hiki kinaishia wapi?" alimuuliza alipoona cha kwanza.

"Hakiishii, dada. Kwenye gemu wimbo unazunguka mpaka wewe mchezaji ushinde au ufe."

"Huku watu wanataka kurudi makwao. Andika mwisho!"

"Nitaandika. Wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka kumi na minane. Alichosha, jamani.

Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na mpima macho, wakajaliwa binti mmoja. Siku ya harusi alikipiga kipande hicho cha kwanza. Wageni walipiga makofi mara tatu wakidhani kimeisha, hadi bibi harusi mwenyewe alipokuja kufunga piano. Dada yake alitamani ardhi ipasuke.

Januari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Mwezi uliofuata mchapishaji alikubali kuvitoa vipande vyote kama kitabu, kwa sharti moja: kila kimoja kiwe na mwisho. Marehemu akasema, kama kawaida yake, wiki ijayo.

Jumanne tarehe 14 Mei, wodini, alimwambia dada yake, "Dada, tuandike leo. Miisho yote ninayo kichwani. Mimi nitaimba, wewe andika."

Dada aliona anavyohema. "Pumzika kwanza," akamjibu. "Utaandika mwenyewe ukitoka."

"Haya."

Alifariki Alhamisi, saa nane mchana. Penseli ilikuwa ndani ya mkoba wa dada yake siku zote mbili. Amekasirika tangu siku hiyo, na hajui amkasirikie nani zaidi.

Juzi alijaribu kukimalizia kipande cha kwanza. Binti wa marehemu alisikiliza, akasema, "Huo ni mwisho wako, shangazi. Si wa baba." Dada akaufuta.

Marehemu ameacha mjane, binti na dada. Apumzike sasa kwa amani, mdogo wake. Siku ile wodini, aliyesema subiri hakuwa yeye.