Gunvor na Zabibu za Kilimani

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Leo tunamkumbuka mwenzetu wa hapa hapa Skåne, Gunvor Tufvesson, mkulima wa zabibu. Alitutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Gunvor alipanda zabibu wakati jirani zake walidhani anatania. Narudia, wasikilizaji: zabibu, tena Sweden.

Baba yake alilima viazi vya sukari, vile vinavyopelekwa kiwandani kutengenezwa sukari. Kaka yake mkubwa, Sixten, akaendelea navyo. Mwaka 1999 Gunvor, mjane mwenye binti mmoja, akaleta miche mia tatu ya zabibu. Sixten akaja na baiskeli yake, na wala hakushuka.

"Zabibu? Mwakani utatupandia migomba?"

"Ukitaka ndizi niambie mapema, kaka."

Sasa, sisi watu wa Skåne tunauogopa upepo tangu tumboni mwa mama zetu. Hata nyumba tunazizungushia miti ili usituone. Basi Gunvor naye akaificha miche yake bondeni, mahali palipotulia. Hapo ndipo alipokosea, kwa maana baridi nayo hupenda kutulia bondeni. Mwezi wa tano, machipukizi yamefikia urefu wa kidole, umande ukaganda. Kulipokucha yote yalikuwa meusi. Yote, wasikilizaji.

Binti yake, Ylva, anakumbuka: "Mama alikaa kwenye matope akalia kwa sauti, kama mtoto. Halafu akapangusa pua na kuniambia, haya, twende, tunahamia juu."

Juu ni kilimani, upande wa kusini, kwenye upepo uleule tunaoukimbia. Sixten akapita tena na baiskeli. "Asiyesikia la mkuu!" akapiga kelele, methali akaiachia barabarani. Lakini kule juu upepo ulikausha majani, kuvu ikakosa pa kushika, na baridi ikateremka kwenda zake bondeni. Mwaka wa nne Gunvor akavuna. Alipata chupa arobaini tu, za mvinyo mweupe, mchachu kidogo, wenye harufu ya tufaha bichi.

Watu wakaanza kuja. Alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kivik, wakaja vijana wa Malmö na viatu vyao vyeupe. Gunvor aliwakatia vipandikizi bure. "Chukueni," aliwaambia, "ila atakayepanda bondeni asinitaje." Leo ukizunguka mkoa wetu utaona mistari ya zabibu hata palipokuwa na viazi, na wengi wa wakulima hao walianzia kwenye kilima chake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gunvor alisifiwa mpaka kwenye hoteli kubwa za mjini, na hakuongeza hata tone.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Sheria haikumruhusu kuuza chupa shambani kwake. Wageni walipanda kilima, wakatazama, wakasifu, kisha akawaelekeza wakaagize kwenye duka la serikali mjini, maana ndilo pekee lenye ruhusa ya kuuza mvinyo. "Mwenye mayai anauza mlangoni, mwenye tufaha anauza mlangoni," alimwambia Ylva. "Mimi nimekuwa kibao cha barabarani!" Alitaka kitu kimoja tu: auze chupa moja mlangoni pake kabla hajafa.

Na Sixten? Wasikilizaji wapendwa, miaka yote hiyo Sixten hakukanyaga kilima kile. Dada yake akianza habari za zabibu, yeye alikuwa akiuliza kama mvua itanyesha.

Mwaka 2025, mwezi wa sita, sheria ikabadilika. Wakulima wakaruhusiwa kuuza shambani, kwa sharti moja: mnunuzi apewe kwanza somo la jinsi mvinyo unavyotengenezwa. Bila somo, hakuna chupa. Gunvor alikuwa ameshaanza kuugua, anatembea kwa fimbo. Siku ya kwanza, mtu wa kwanza mlangoni alikuwa Sixten, amevaa shati la kanisani.

"Nipe chupa yangu, mdogo wangu, niondoke."

"Haiwezekani. Kaa kwanza usome."

"Nisome nini? Mimi ni kaka yako!"

"Sheria haina kaka. Kaa."

Akakaa juu ya kreti. Gunvor akazungumza saa nzima bila kuruka kitu: bonde, machipukizi meusi, upepo, miaka ya mvua, uchachu na namna ya kuusubiri ulainike. Ylva anasema mjomba wake alivua kofia katikati ya somo na hakuivaa tena. Lilipokwisha akamgeukia dada yake.

"Gunvor, mbona hukuniambia mambo yote haya?"

"Nimekwambia miaka ishirini na sita."

Sixten akaipokea chupa kwa mikono miwili.

Tunampa pole Ylva, na tunampa pole mzee Sixten. Kila Jumamosi sasa ni yeye anayetoa somo pale kilimani, na haruhusu mtu kuinuka kabla hajamaliza.

Wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Nyumbani kwako yupo anayekueleza jambo moja mwaka nenda mwaka rudi, nawe unamuuliza habari za mvua. Mimi nimesema vya kutosha. Zima redio, ukamsikilize.