Safari ya Nyumbani ya Clement Anatoli Shirima, 1935–1999

Marehemu Clement Anatoli Shirima alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1935, Mashati, Rombo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Anatoli Shirima na Mama Euphrasia. Alifuatiwa na wadogo sita. Tumebaki wawili.

Alisoma shule ya misheni Mashati hadi darasa la nane, mwaka 1951. Alitaka kuendelea, lakini baba aliugua, akabaki kusaidia shambani.

Mwaka 1956 alipata leseni ya udereva mjini Moshi na kuanza kuendesha malori ya kahawa. Mwaka 1964 aliajiriwa na serikali. Tarehe 3 Septemba 1979 alifika Washington kama dereva wa ubalozi, kazi aliyoifanya hadi 1992. Baada ya hapo aliendesha mabasi ya abiria katika uwanja wa ndege wa Dulles. Hakutumia ramani. Mgeni kutoka nyumbani akifika Columbia Heights, alikokuwa akiishi wakati huo, Clement alimpakia kwenye gari Jumamosi, akamzungusha mji mzima, kisha akasimama kwenye kona yoyote na kumwambia, "Haya, bwana mkubwa, sasa nirudishe kwangu." Wengi mlio hapa leo mlijifunza njia kwa namna hiyo.

Alifunga ndoa na Rosemary tarehe 16 Julai 1966. Walijaliwa watoto wawili, Leonard na Anitha. Mwaka 1993 walihamia Sterling.

Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alikubali kuingia katika utafiti wa hospitali moja ya hapa, uliotaka kujua kama picha ya ubongo inaweza kuonyesha mapema nani atapoteza kumbukumbu. Picha yake ilipigwa Septemba. Daktari aliibandika kwenye taa, akatuonyesha madoa meupe, akasema ni sehemu ambazo mishipa midogo ya damu imeharibika.

"Daktari," Clement akasema, "hizo ni mvi. Zimekosa nafasi kichwani, zimeingia ndani."

Daktari alicheka, kisha akasema kwamba wengi wenye picha kama ile hupungukiwa uwezo wa kukumbuka na kupanga mambo ndani ya miaka miwili au mitatu. Kama kuna jambo kubwa analotaka kufanya, alifanye sasa. Clement alikuwa na jambo moja tu: kwenda Mashati kumwona mama, ambaye hakuwa amemwona tangu 1986. Alipanga kwenda Krismasi ileile.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1997, alirudi hospitali kwa maswali ya kumbukumbu. Aliomba kujibu kwa Kiswahili. Mkalimani hakupatikana, nikatafsiri mimi, mdogo wake, Adela, nikiwa na daftari mkononi. Aliambiwa akumbuke maneno matano: ndizi, dirisha, kofia, mto, sindano. Baada ya dakika kumi aliulizwa.

"Ndizi," akasema. "Na ile ya kuvaa." Akanigeukia. "Hebu sema wewe, Adela. Wewe ndiye mwenye daftari."

Nilimwambia daktari maneno yote matano. Alipoulizwa siku, alisema Alhamisi. Mimi nikasema Jumanne. Sikuweza kumwacha kaka yangu mkubwa aaibike mbele ya mgeni. Nyumbani nisingefanya hivyo, na hapa pia sikufanya.

Daktari alisema, "Majibu ni mazuri kuliko picha. Labda yeye ni mmoja wa wale wachache."

Familia ilifurahi. Safari iliahirishwa hadi Mei 1999, Anitha atakapomaliza chuo Fairfax, ili waende wote pamoja. Mimi nililirudisha daftari mkobani.

Machi 1998 alisimama kwenye taa ya kijani hadi ikawa nyekundu tena. Rosemary alichukua funguo za gari. Agosti aliulizwa maswali yaleyale, akitafsiriwa na muuguzi kutoka Kenya aitwaye Chebet. Hakukumbuka neno hata moja. Daktari hakuelewa jinsi alivyoshuka haraka hivyo. Ndipo nilipofungua daftari nikamsomea majibu halisi ya mwaka uliopita. Nilikuwa nimeyaandika yote.

"Sasa dada, kwa nini ukafanya hivyo?" Chebet aliniuliza.

"Ni kaka yangu," nilimjibu.

Daktari alikata alama za zamani na kuandika nyingine. Alisema picha haikukosea tangu mwanzo.

Rosemary alitaka kumsafirisha Oktoba, lakini Septemba alianguka na miguu ikakataa. Siku ya Krismasi mama aliteremshwa hadi mji wa Mkuu kupiga simu. Clement alishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama," akasema kwa heshima. "Samahani, wewe ni mama wa nani?"

Jumatano, tarehe 24 Februari 1999, alipata kiharusi. Alifariki Jumamosi, tarehe 27, saa nne na robo asubuhi. Mkewe na watoto wake walikuwepo.

Marehemu ameacha mjane, Rosemary, watoto, Leonard na Anitha, mjukuu mmoja, mdogo wake, Venant, aliyeko Mashati, na mimi. Ameacha pia mama mzazi, Euphrasia Shirima, mwenye umri wa miaka 83. Mwili utaondoka Dulles kesho jioni.

Jumapili mama aliteremshwa tena hadi Mkuu, nikampigia simu nikamweleza yote, pamoja na habari za daftari. Nilimwomba msamaha kwamba mwanawe alikuwa amemsahau.

"Mleteni," akasema. "Mimi namfahamu."

Mungu amjalie kaka yetu Clement pumziko jema.