Mzee Abdalla na Saa ya Mishale Miwili

Ndugu msomaji, nakuomba sana: neno lolote lililo humu lisitoke mikononi mwako kabla ya Alhamisi jioni. Lisimfikie meneja, na zaidi ya yote lisimfikie Mzee Abdalla mwenyewe. Ukishasoma, ikunje karatasi hii uiweke ndani ya kitabu. Sababu utaiona kabla hujafika mwisho.

Alhamisi hiyo, tarehe 30 Juni 2016, sawa na mwezi 25 Ramadhani 1437, Mzee Abdalla Mbarouk anastaafu baada ya miaka thelathini na saba katika ofisi yetu ya michoro ya reli hapa Riyadh. Ameagiza tarehe zote mbili ziandikwe. Wanaomjua hawatashangaa.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Jeddah na wazazi wake mwaka 1964 akiwa na miaka kumi na miwili, akakulia mtaa wa Ruwais mjini humo. Mwaka 1979 aliajiriwa kubeba michoro kutoka chumba hadi chumba. Miaka minne baadaye ofisi ilimpeleka Uingereza kwa miezi sita kujifunza kutunza nyaraka, katika mji mdogo uitwao Aldersby. Alipanga chumba ambacho dirisha lake lilitazama kituo cha reli kisicho na reli. Ndani yake waliuza mazulia.

Wenzake wa kozi walikwenda London kila Jumamosi. Yeye alikwenda maktaba ya mji, akaandika historia ya kituo kile kwa Kiswahili katika daftari la kurasa sitini na nne. Kilifunguliwa mwaka 1849. Siku hizo kila mji ulifuata jua lake, na Aldersby ilikuwa nyuma ya London kwa dakika tisa. Treni zilifuata London. Basi saa ya kituo ikawekewa mishale miwili ya dakika, mmoja wa mji na mmoja wa treni, na bado watu walikuja na mizigo yao kwa wakati wa mji wakakuta treni imekwenda. Mkuu wa kituo alimweka mtu langoni, kazi yake ni kutangaza saa zote mbili. Baadaye nchi nzima ikapewa saa moja, mshale mmoja ukang'olewa. Kituo kilifungwa mwaka 1964. Mzee hupenda kusema, "Mwaka ule ule na sisi tulifunga nyumba yetu."

Aliporudi alitundika kalenda mbili ukutani, ya Hijria na ya Miladia, na chini yake akaweka daftari la ikama, yaani vibali vya ukaazi, za wafanyakazi wote wa Riyadh na Jeddah. Tangu Wakenya tuanze kuletwa kwa wingi mwaka 2012, kila mgeni ameketishwa mbele ya kalenda hizo siku ya kwanza na kusomewa habari za Aldersby. Hezron, dereva wetu, alimuuliza mara moja, "Mzee, hicho kituo kikifunguliwa tena, utatupatia tiketi?" Mzee akamjibu bila kuinua macho, "Wewe Hezron hata tiketi nikupe, utachelewa."

Mimi niliketishwa hapo mwaka 2014, nikasikiliza kwa adabu, wala sikuelewa kwa nini naambiwa. Nilikuwa na diploma. Nikakabidhiwa kalamu ya daftari lile.

Sasa nasema lililonifanya niombe siri. Ikama ya Winfred, anayesafisha na kupika chai katika tawi letu la Jeddah, iliisha tarehe 11 Januari 2015. Ilipopatikana mpya, daftarini niliongeza mwaka mmoja, kama tunavyofanya nyumbani: 11 Januari 2016. Lakini ikama huhesabiwa kwa Hijria, na mwaka huo ni mfupi kwa siku kumi na moja. Ilikuwa iishe tarehe 31 Desemba 2015. Winfred alikuwa hajafika Kenya kwa miaka minne. Tiketi yake ilikuwa ya Jumamosi, tarehe 2 Januari, na binti yake alikuwa anaolewa wiki inayofuata. Ikama ikiisha, hapati viza ya kutoka.

Mzee aliliona kosa hilo Jumapili tarehe 27 Desemba, akilinganisha kalenda zake kama afanyavyo kila mwanzo wa wiki. Aliweka kidole kwenye mstari wangu. "Mwanangu, mwaka wenu mrefu kuliko wetu," alisema. "Yalla, vaa viatu."

Meneja aliuliza nani ameandika tarehe ile. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mzee akajibu, "Daftari ni langu, bosi." Hakusema uongo. Daftari lilikuwa lake; mwandiko ulikuwa wangu.

Ikama ilipatikana Jumatano, viza Alhamisi mchana. Posta ilikuwa inafunga kwa mapumziko ya wiki, basi Mzee, na miaka yake sitini na mitatu, akapanda basi la Jeddah na pasipoti ya Winfred mfukoni. Ijumaa asubuhi alibisha mlango wa Winfred, mtaa wa Bani Malik. Winfred anasimulia kwamba alimwambia, "Mzee, si ungemtuma kijana?" naye akajibu, "Kijana ana kazi ya kujifunza kalenda." Harusi ilifanyika mama wa bibi harusi akiwa kiti cha mbele.

Mzee alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika faili lake. Kwa sababu ya barua hiyo cheti chake cha utumishi kimeandikwa "mwenendo wa kuridhisha". Alinikataza kulitaja jambo hili. Nimemtii miezi sita.

Jana niliweka barua yangu ya kukiri kosa juu ya meza ya meneja, aikute Alhamisi asubuhi akirudi safari, kabla hajatia sahihi cheti. Mzee akijua leo, ataichukua.

Mzee Abdalla, sisi uliotusimamia langoni tunakushukuru. Nenda Ruwais ukapumzike, uishi salama na wanao na wajukuu, kwa kalenda yoyote uipendayo.

Mwenye swali anitafute: Alvin, ghorofa ya pili, meza iliyo chini ya kalenda mbili, simu ya ndani 214. Kama baada ya Alhamisi simu hiyo itapokelewa na mtu mwingine, muulizeni Winfred. Namba yangu ya Kenya anayo.