Mwindaji wa Fundi Viatu

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini masikio yake yaligoma kulala. Kwenye kiti cha mbele yake alikaa fundi viatu na mbwa mrefu, mwembamba kama ngazi, aliyelaza kichwa juu ya kiatu cha bwana wake.

"Huyu ni mbwa wa kuwinda, mama," fundi alimwambia mwanamke aliyekaa karibu naye. "Wa aina yake wamebaki wachache duniani. Nilimchukua kwenye makao ya mbwa waliotupwa, anikamatie panya wanaonitafunia ngozi dukani."

"Hongera! Amekamata wangapi?"

"Wanakula naye sahani moja."

"Basi ana adabu zake. Anawakaribisha kwanza."

Muuguzi aliuma midomo asicheke.

"Mke wangu kasema nichague mmoja atoke, yeye au mbwa," fundi aliendelea. "Ndiyo namrudisha. Makao yapo kituo hiki kinachofuata."

"Umefanya la maana. Na hilo blanketi la mtoto ulilomfunika, nalo ni la makao?"

"Asubuhi kulikuwa na baridi," alijibu fundi, akiangalia dirishani kana kwamba baridi yenyewe ingepita kumtolea ushahidi.

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Fundi hakuinuka.

"Fundi, si hapa?"

"Ni hapa." Alitazama kiatu chake. "Lakini si unaona amelala?"

"Naona," alisema mama. "Na mkeo naye utamwambia hivyo hivyo?"

Dereva alipiga honi. Mwindaji akakoroma.